Nani Analipia Daftari?

Dutwa iko kwenye barabara ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi, na barabara hiyo ndiyo imeisogeza Kariakoo mlangoni petu. Muuzaji wa Dar es Salaam anaweka picha ya viatu Instagram, chini yake anaandika "tunatuma mikoani". Mteja anauliza bei, analipa kwa simu, na mzigo unapandishwa basi. Ukifika, anaufuata mwenyewe au anamtuma bodaboda. Jumia, kampuni iliyovuma sana kwa biashara ya mtandaoni Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Kilichobaki na kukua ni hiki cha kwetu: picha, namba ya simu na basi.

Kila nikirudi nyumbani likizo naona wanaoagiza hivi ni watu wa aina yangu: wanafunzi wa vyuo, walimu, wauguzi, wenye mshahara au bumu. Ndiyo maana swali hili nalielekeza kwetu. Ninapokiacha kiatu cha dukani Dutwa na kuagiza kama hichohicho Kariakoo kwa bei nafuu, kuna mtu ninayemkosea?

Jibu la haraka ni hapana. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba hatupati chakula chetu kwa sababu mchinja nyama na mwoka mikate wanatupenda. Tunakipata kwa sababu nao wanatafuta faida yao. Mwenye duka hakufungua duka kwa kunihurumia. Tuseme kiatu anachokiuza shilingi 30,000 mimi nakipata kwa 20,000 pamoja na nauli ya mzigo. Hana haki ya kuninunia. Pesa ni yangu.

Kwa upande wa mwenye duka, nalikubali jibu hilo. Tatizo ni kwamba dukani hatuko wawili tu. Yupo mtu wa tatu, na jina lake limeandikwa kwenye daftari.

Pamba hupandwa kuanzia Novemba na huuzwa msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kuelekea katikati ya mwaka. Kati ya hapo kuna miezi mirefu. Mbegu imeshaingia ardhini, akiba ya chakula inapungua, na Januari shule zinafunguliwa. Miezi hiyo kuna kaya zinazoishi kwa daftari la dukani: nusu kilo ya sukari, kipande cha sabuni, mafuta ya kula ya kupima, madaftari ya mtoto. Jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, na tarehe ya kulipa ni "pamba ikiuzwa". Hakuna fomu wala dhamana. Mwenye duka anamjua baba wa mkopaji, analijua shamba lake, na ukame uliomkuta mkulima ameuona kwa macho yake.

Sasa, mwenye duka anapata wapi nguvu ya kusubiri miezi yote hiyo? Muuzaji wa jumla anayempa mzigo hasubiri pamba. Anaweza kusubiri kwa sababu wapo wateja wengine wanaolipa taslimu. Na kwenye sukari na chumvi hapati kikubwa, maana kila mtu anajua bei ya duka la jirani. Faida iko kwenye kitenge, viatu, chaja, begi la shule. Hivyo hasa ndivyo tunavyoagiza mtandaoni. Tunaondoka na vyenye faida, tunamwachia sukari na madeni. Siku atakapobandika karatasi ya "Mkopo hakuna", hatutaumia sisi. Ataumia mama anayesubiri pamba.

Mtu atasema mkopo nao umehamia kwenye simu. Ni kweli, lakini tunajua Watanzania wameipa mikopo ya aina gani jina la "kausha damu". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hata ile yenye leseni huhesabu siku tu. Haijui kama mvua ilichelewa Dutwa.

Sitaki kulipamba daftari. Wapo wenye maduka wanaopandisha bei kwa mkopaji kwa sababu wanajua hana pa kwenda. Huko nyuma nchi hii iliwahi kuwaona wafanyabiashara wa vijijini kuwa wanyonyaji: mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi zao zichukuliwe na maduka ya vijiji. Haikudumu. Kuondoa duka lilikuwa jambo jepesi. Kupata kitu cha kufanya kazi yake yote kulikuwa kugumu. Sasa hakuna anayetoa amri. Kila mmoja wetu anapunguza kidogo, kwa kiatu kimoja kimoja, na hakuna anayejiona amefunga kitu.

Kwa hiyo sisemi tuache kuagiza. Mwenye duka mwenyewe siku hizi anaagiza mzigo Mwanza kwa WhatsApp, na hilo linamwokolea nauli. Ninachosema ni kwamba ile 10,000 niliyoiokoa haikuwa yote ya tamaa ya muuzaji. Sehemu yake ilikuwa inamsubiri mtu mwingine hadi pamba iuzwe. Nikiichukua, nijue nimechukua nini.

Kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kabla ya kutuma pesa Kariakoo, mwonyeshe picha mwenye duka umuulize kama anaweza kukuletea na kwa bei gani. Akizidisha kidogo, hicho kidogo kina kazi. Akizidisha sana, agiza mwenyewe, dhamiri yako iko salama.

La pili ni zito zaidi. Wapo wenye mshahara wanaolipa taslimu mtandaoni, kisha tarehe 20 wanakwenda dukani kuandikiwa unga na sukari. Pesa wamepeleka mbali, deni wameleta jirani. Hapo sihitaji Smith wala mwanafalsafa mwingine. Daftari lina kurasa chache, na mwenye mshahara anapojaza mstari, kuna mkulima atakayeambiwa nafasi imekwisha.