Karata ya Kuacha

Vijiwe vya Mpapura, huku kwenye mashamba ya korosho, havikosi karata. Jioni watu wakisharudi shamba, mkeka hutandikwa chini ya mti, wakakaa wanne, wawili kwa wawili. Mchezo ni ule wa zamani wa pwani: nane, tisa na kumi zimeondolewa, zimebaki karata 40. Ree ina alama 11, saba ina 10, na wazungu, zile karata zenye picha, wana nne, tatu na mbili. Jumla ya alama zote ni 120, na wanaofikisha 61 ndio washindi.

Pale mkekani hakuna anayejichagulia. Karata zinachangwa, zinagawiwa, na kila mtu anapokea kilichomwangukia. Busara iko katika kujua lini utoe turufu na lini umwachie mwenzako ale. Ni somo kubwa, nami naliheshimu: mengi maishani tumegawiwa bila kuulizwa.

Lakini vijana wana karata nyingine kwenye simu, na nimekaa nao nikazicheza. Naizungumzia Slay the Spire, iliyotengenezwa na kampuni ya Mega Crit ya Marekani, ikakamilika mwaka 2019 na kufika kwenye simu za Android mwaka 2021. Mchezaji anapanda mnara, akipigana na adui mmoja baada ya mwingine. Shujaa wa kwanza anaanza na karata 10 dhaifu: tano za kupiga, nne za kujikinga, na moja yenye uzito zaidi. Kila zamu anashika karata tano, naye adui anaonyesha waziwazi anachokusudia kufanya. Mchezaji anapima: nijikinge sasa, au nimalize kazi?

Mtihani wenyewe unakuja baada ya ushindi. Mezani zinawekwa karata tatu, mchezaji achukue moja. Zote zinang'aa, na kila moja inaahidi nguvu. Anayeanza huchukua kila mara, kwa kuwa ni bure. Akifika katikati ya mnara ana karata 30, nyingi zikiwa nzuri, na anashindwa na adui ambaye mwenye karata chache anamwangusha. Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye karata 10 anaziona zote ndani ya zamu mbili. Mwenye 30 anahitaji zamu sita. Ile karata ya kumwokoa anayo, ila imefunikwa na nyingine nzuri, na adui hasubiri.

Kwa hiyo mchezo unaruhusu kuzikataa zote tatu na kuendelea na safari. Njiani kuna mfanyabiashara ambaye, pamoja na kuuza karata, hulipwa ili akuondolee moja. Mara ya kwanza anadai dhahabu 75, ya pili 100, ya tatu 125. Kukataa ni bure. Kuondoa ulichokwisha kupokea kuna bei, na bei hiyo inapanda.

Mkulima wa korosho hahitaji simu kulielewa hilo, maana mikorosho iliyosongamana hunyimana mwanga, na uzazi wake ukapungua. Hata hivyo, tunalolijua shambani tunalisahau msimu wa mauzo ukifika. Fedha za mnada wa korosho huingia kwa mkupuo, na hapo kila kitu kinawekwa mezani: pikipiki, spika, makochi, simu mpya, sherehe ya kukumbukwa. Hakuna kilicho kibaya hapo. Ubaya ni kuchukua vyote. Shule zinafunguliwa Januari na sare zinatakiwa, palizi inadai vibarua, na mwenye nyumba iliyojaa vitu anazunguka kutafuta mkopo. Kuuza spika hapo ni kuuza kwa hasara, na deni lililoingia kwa saini moja linatoka kwa misimu miwili.

Tumelelewa kuona kwamba anayekataa kizuri ni mchoyo, au ana maringo. Sioni hivyo. Anayekataa amekijua anachokilinda. Mzazi anayeacha makochi ili ada ipatikane hajadharau makochi. Amempa mtoto nafasi ya kwanza. Na kijana aliyekwisha kujua kazi anayoitaka, akaacha vibarua kumi vya kumrusha huku na huku, si mvivu. Anajenga. Wingi wa vitu vizuri unaweza kumzuia mtu kama umaskini unavyomzuia, tena kimyakimya, kwa kuwa hakuna anayempa pole aliyepata.

Yale tuliyogawiwa tuyacheze kwa subira, kama wanavyofanya wazee mkekani. Lakini yale tunayochagua wenyewe yana sheria nyingine. Ndugu msomaji, kizuri kikiwekwa mbele yako, jiulize mawili: nitakitumia lini, na kitachelewesha nini? Ukikosa jibu, kiache mezani.