Viatu Mlangoni

Mwezi wa Juni 2024, vijana walipomiminika katikati ya Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, jirani yangu wa Kangemi, mzee wa makamo yangu, alivificha viatu vya mwanawe uvunguni mwa kitanda, akidhani kwamba kumzuia ndiko kumhifadhi. Naye kijana, bila ya kumrudishia babake neno, akatoka na ndara.

Je, huo ni uasi? Dini zetu zimefaradhisha kuwatii wazazi, lakini hazikumhalalishia mtu kuinyamazia dhuluma, na mimi naitakidi kwamba kinachovitenga vizazi si uchache wa adabu bali ni hofu, ambayo mzee ameirithi kwa yale aliyoyashuhudia katika maandamano ya Saba Saba ya 1990. Na ujasiri nao si milki ya ujana: mwaka 1992, katika bustani ya Uhuru, kina mama wazee, pamoja na Wangari Maathai, walisusa kula wakidai wana wao wafunguliwe, na walipopigwa wakajisitiri katika kanisa la All Saints.

Usiku kijana alirejea, ndara moja imepotea. Mzee aliinama, akavitoa vile viatu, akaviweka mlangoni, kisha akamwuliza amepitia njia gani.