Je, Mtu Aweza Kujiondolea Dhambi?

Liko swali ambalo wakristu wengi huulizana, hasa siku za Kwaresima: Kwa nini nimwendee padre? Mungu ananiona popote nilipo. Nikitubu chumbani mwangu, peke yangu, je, haitoshi?

Swali hili si la mchezo, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Leo tulijibu kwa njia isiyo ya kila siku. Tuchukue kitenzi kimoja cha Kiingereza, kitenzi cha kale ambacho Waingereza wenyewe hawakitumii tena ila mara chache sana, tukipime kama watoto wa shule wanavyopima vitenzi ubaoni. Kitenzi hicho ni « shrive ». Hutamkwa « shraivu ». Maana yake ni mambo matatu pamoja: padre kumsikiliza mtu anayeungama, kumwondolea dhambi, na kumpa malipizi.

Kwanza tutazame asili yake. Neno hilo lilitoka katika Kilatini « scribere », yaani kuandika. Waflama, ambao wapadre wengi wa misioni zetu za Kongo walitoka kwao, husema « schrijven », nao Wajerumani « schreiben ». Kwao maana imebaki kuandika tu. Lakini Waingereza wa kale walilitumia kwa kazi nyingine: kumwandikia mwenye dhambi malipizi yake, kama vile mganga wa hospitali anavyomwandikia mgonjwa dawa. Hawakusema hivyo bure. Theodore, mzaliwa wa Tarso, mji ule ule wa Mtakatifu Paulo, aliwekwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury mwaka 668. Kiko kitabu kilichoitwa kwa jina lake kinachopanga dhambi na malipizi yake, moja moja. Vitabu vya namna hiyo Waingereza waliviita « scriftboc », maana yake kitabu cha kitubio.

Sasa tukinyambue kitenzi chetu. Padre leo: « he shrives ». Padre jana: « he shrove ». Kazi ikiisha: « he has shriven ». Ni mwendo ule ule wa « write, wrote, written ». Sisi katika Kiswahili tunaongeza mwishoni mwa neno: kuungama, kuungamisha, kuungamishwa. Waingereza hapa hubadilisha sauti ya ndani. Lakini tazameni jambo moja. Mkristu aliyetoka kuungama hakusema « nimefanya ». Alisema « I am shriven », yaani nimefanyiwa, nimeondolewa. Mtendaji ni mwingine.

Labda msomaji mwenye elimu atapinga: Katika maandishi ya kale Waingereza walisema pia mtu kujifanyia tendo hilo mwenyewe. Ni kweli. Lakini waliposema hivyo walimaanisha kwamba mtu amekwenda kwa padre na kuungama. Na Kiswahili chetu kinakubali. Twasema « nimeungama », twasema « padre ameniungamisha ». Nani amepata kusikia mkristu akisema « nimejiungamisha »? Watu wangecheka. Lugha yenyewe inajua kwamba mlango huu haufunguliwi na mtu aliye ndani.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu dhambi si jambo langu mimi tu. Tuseme mtu ni mtunza sanduku la fedha za chama cha kijiji. Mwaka wa njaa anachukua fedha za mjane, halafu usiku anajuta. Anasali, analia kidogo, anasema moyoni: « Basi, nimejisamehe. » Asubuhi anaamka na moyo mwepesi. Je, mjane naye ameamka na moyo mwepesi? Fedha zake hazimo sandukuni. Mkosaji amekuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu katika baraza moja, na hukumu ni kwamba hana deni! Katika mabaraza ya wazee wetu, nani angekubali hukumu kama hiyo?

Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, akapanga Uria auawe vitani. Hakuona dhambi yake mpaka nabii Natani alipokuja kumsimulia habari za maskini aliyenyang'anywa kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akataka tajiri yule aadhibiwe. Kosa la mwingine alilihukumu mara moja. La kwake lilingoja sauti ya mtu mwingine. Na Zakayo, Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anajuta. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Hapo ndipo tunaona faida ya lile neno la kuandika. Msamaha wa Mungu ni bure, lakini aliyesamehewa huandikiwa njia ya kutengeneza alichobomoa. Padre akisikia habari za yule mtunza sanduku, hawezi kumwachia sala tatu tu na kunyamaza juu ya fedha za mjane.

Wengine watasema: Padre naye ni mwenye dhambi. Ndiyo, ni mwenye dhambi, tena hawezi kujiondolea zake. Padre humwendea padre mwenzake, askofu vilevile. Mwaka 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alionekana mbele ya watu katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma akipiga magoti na kuungama kwa padre, kabla hajawaungamisha wengine. Mamlaka hiyo Bwana aliwapa mitume wake jioni ile ya Pasaka, kama anavyotuandikia Yohane katika sura ya 20, nayo haimfai mwenye kuichukua kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe.

Wengine tena watauliza: Na mkristu wa kijiji cha mbali, ambaye padre humfikia mara moja au mbili kwa mwaka? Eklezia haikumsahau. Hufundisha kwamba majuto kamili, yatokayo katika kumpenda Mungu, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana, huleta msamaha. Lakini hata hapo mtu hajisamehi. Mungu ndiye amsamehe, na ile nia ya kuungama inaonyesha kwamba mtu anaungoja mkono wa mwingine.

Basi kwa nini kitenzi hiki kimepotea? Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano uliamuru kila mkristu aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Waingereza walishika amri hiyo, na siku ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu wakaiita « Shrove Tuesday », Jumanne ya kuungamishwa. Baadaye Mfalme Henry VIII alijitenga na Roma mwaka 1534, na kitabu kipya cha sala cha mwaka 1549 kikaacha ungamo la faragha kwa hiari ya kila mtu. Tendo likapungua, na neno likapungua pamoja nalo. Jina la Jumanne likabaki. Hata leo Waingereza siku hiyo hukaanga mikate myembamba ya unga, mayai na maziwa, na katika mji wa Olney wanawake hupiga mbio na vikaango mikononi. Mikate imebaki, wengi walao hawakumbuki kwamba jina la siku latokana na kuungama.

Limebaki pia neno « short shrift ». Zamani lilikuwa muda mfupi aliopewa mtu wa kunyongwa ili aungame. Shakespeare, katika mchezo wa Hamlet, anaonyesha mwana wa mfalme akibadilisha barua ili marafiki wake wawili wa zamani wauawe bila kupewa hata muda huo. Watazamaji wa siku zile walielewa ukali wa kisasi hicho. Siku hizi Mwingereza husema hivyo juu ya mtu aliyefukuzwa upesi pasipo kusikilizwa. Angalieni: neno la kumsikiliza mwenye dhambi limegeuka kuwa neno la kutomsikiliza mtu.

Lakini wako waliolinda tendo wakati neno lilipokuwa likififia. Sheria ya mwaka 1585 ilisema padre aliyepewa daraja ng'ambo akionekana Uingereza ni mhaini, na amfichaye atauawa. Margaret Clitherow, mama wa watoto katika mji wa York, alishitakiwa kwa kuwaficha mapadre, akauawa mwaka 1586. Nicholas Owen, fundi seremala na bruda wa Shirika la Yesu, alijenga mafichoni ya mapadre ndani ya kuta za nyumba, akafa kwa mateso mwaka 1606 pasipo kuwataja. Wote wawili waliandikwa katika hesabu ya watakatifu mwaka 1970. Watu hao walihatarisha roho zao ili mkristu asikose Misa, wala mtu wa kumwambia: dhambi zako zimeondolewa. Kama mtu angeweza kujiambia mwenyewe, hatari ile yote ilikuwa ya nini?

Ndugu zangu, sisi kitenzi chetu bado ni kizima. Kila mtoto wa katekisimu anajua kuungama ni nini. Lakini neno laweza kuwa zima mdomoni wakati tendo limekwisha kufa, na hapo litafuata nyuma kama lile la Waingereza, tubaki na sikukuu na vyakula vyake. Anayesema « nimejisamehe » ajiulize swali moja tu: Yule niliyemkosea amepata nini? Akiona hana jibu, asingoje Kwaresima. Aende kwa padre, na akitoka kanisani apite kwa yule mjane.