Tunayemtukana ni Nani

Somo la juma: 2 Samweli 16:5–13



Mfalme Daudi aliikimbia Yerusalemu akilia, miguu mitupu, mwanawe Absalomu akiwa amemgeuka na taifa likimfuata. Alipofika Bahurimu akatokea mtu wa ukoo wa Sauli, Shimei mwana wa Gera, akaanza kumporomoshea matusi. Alimwita muuaji na mtu asiyefaa kitu. Akamrushia mawe na mavumbi, na Daudi alipozidi kwenda, Shimei naye akamfuata ubavuni mwa mlima, anatukana tu. Abishai, mpwa wa mfalme, akaomba ruhusa akamkate kichwa, na katika kuomba huko akamwita Shimei mbwa mfu. Tusi lilikuwa limeshazaa lingine. Daudi akakataa, akasema aachwe.

Habari hii ikihubiriwa, tunasifu uvumilivu wa Daudi, na anastahili. Leo naomba tumtazame Shimei. Alitukana siku ile kwa sababu Daudi alikuwa ameanguka. Miaka yote mfalme alipokuwa kwenye kiti chake, hatusomi popote kwamba Shimei alifungua mdomo. Na Absalomu alipokwisha kuuawa, Daudi akawa anarudi na mamlaka yake, Shimei aliharakisha kushuka mpaka Yordani, akaanguka mbele yake kuomba msamaha. Mdomo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni hali ya mtu aliyesimama mbele yake.

Haya tunayaona kila siku vituoni. Konda anagombana na abiria kwa chenji ya shilingi mia mbili. Anamtukania mama yake, tusi zito la nguoni, na wanafunzi wamesimama pale mlangoni wanasikia, na bibi mwenye kikapu anasikia. Simu ya konda inaita. "Shikamoo mama. Niko kazini mama. Nitakupigia jioni." Sauti imelainika, adabu yote imerudi. Anakata simu, anamgeukia yule abiria, na matusi yanaendelea pale yalipoishia. Mama mmoja amepewa shikamoo, mama mwingine amevuliwa nguo mbele za watu, na ndani ya dakika ileile.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mchungaji, ni mazoea tu, yananitoka bila kujua," naomba tusemezane ukweli. Hayamtoki mbele ya mama yake. Hayamtoki mbele ya bosi, wala mbele ya mkwe, wala mbele ya trafiki aliyeshika leseni yake. Ulimi wetu unajua vizuri sana nani anaweza kutufanya kitu na nani hawezi. Wanaoyapata ni mbeba mizigo, dada wa kazi, mtoto aliyemwaga maji, mgonjwa wa akili anayelala sokoni, mke ambaye kwao ni mbali. Ndiyo maana nasema matusi ni jambo la imani kabla hayajawa jambo la adabu. Yakobo, sura ya tatu, anashangaa jinsi ulimi huohuo unavyomhimidi Mungu kisha unawalaani watu aliowaumba kwa mfano wake. Anayemtukana mtu amekwisha kuamua moyoni kwamba huyu si mtu wa kuhesabiwa, na uamuzi huo ndio dhambi yenyewe. Neno linafuata tu.

Vijana watasema, mbona tunao utani? Ni kweli tunao, na ni urithi mzuri. Mchaga na Mpare, Mgogo na Mhehe, huambizana maneno ambayo kwa mwingine yangeleta ngumi, na mtani huweza kuwachekesha wafiwa katikati ya msiba bila mtu kumkasirikia. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi. Lakini utani una wenyewe na una masharti. Mtani anajua nitamjibu, na nina haki ya kumjibu kwa kipimo kilekile, na siku nikifiwa atafika mapema kushika jembe. Kijana anayejificha nyuma ya jina la bandia na kumtukania mama mtu asiyemjua, chini ya picha ambayo mtu huyo ameiweka mtandaoni, ana utani gani naye? Akifiwa kesho atakwenda?

Sheria ya nchi nayo imesema. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inalihesabu kuwa kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani. Ni vizuri sheria hiyo ipo. Ila matusi mengi na mabaya zaidi hayafiki polisi, maana yanatolewa jikoni na chumbani, na anayetukanwa ananyamaza ili watoto wasiamke.

Nina neno pia kwa sisi ambao hatujawahi kutamka tusi la nguoni na tunajisikia tuko salama. Bwana Yesu, katika Mathayo 5, alipotaka kuonyesha uzito wa jambo hili hakutaja maneno ya aibu. Alitaja kumwita ndugu mpumbavu, akaliweka fundisho hilo jirani na amri ya kutokuua. Mwalimu anayemwambia mtoto mbele ya darasa kwamba hatakuwa kitu maishani ametumia Kiswahili safi kabisa. Mzee wa kanisa anayemsema binti aliyepata mimba kwa mafumbo, mpaka binti akaacha kuja ibadani, hakutumia hata neno moja la kufutwa redioni. Wote wawili wametukana.

Hasira tunayo, na hakuna anayetukataza kuwa nayo. Aliyedhulumiwa mshahara ana haki ya kupaza sauti, na aseme wazi kwamba amedhulumiwa. Zaburi zimejaa vilio vikali. Ile ya 109 inatisha ukiisoma polepole, lakini mwenye kulia anampelekea Mungu uchungu wake ulivyo, bila kuupaka sukari. Mungu anaustahimili. Mtoto wa miaka sita hawezi kuustahimili.

Turudi kwa Daudi, maana mwisho wa habari yake unanihuzunisha. Kule Yordani alimwapia Shimei kwamba hatakufa. Watu walisikia kiapo, wakajua yameisha. Lakini soma 1 Wafalme 2. Daudi yuko kitandani, anaaga dunia, anamwachia Sulemani wosia, na katika maneno yake ya mwisho anamtaja Shimei na siku ile ya Bahurimu. Anataka mvi za Shimei zishuke kaburini zikiwa na damu. Sulemani akamwekea Shimei mpaka, asitoke Yerusalemu. Miaka mitatu baadaye akatoka kuwafuata watumwa wake waliotorokea Gathi, akauawa. Simsifu Daudi kwa wosia ule. Natazama tu jinsi mtu aliyevumilia vita na njaa, na usaliti wa mwanawe mwenyewe, alivyoshindwa kuyasahau maneno ya mtu mmoja aliyekuwa akimfuata mlimani. Kama mfalme mwenye imani vile aliyabeba mpaka kitandani pa mauti, tusidhani mtoto tuliyemwita mbwa juzi asubuhi amesahau kwa sababu alasiri alionekana anacheza.

Naomba basi, kabla ya ibada ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyemtukana kwa kuwa alijua hatajibu. Usimtafute bosi wako wala mkweo, hao uliwachunga. Mwendee dada wa kazi, mwendee konda, mwendee mkeo au mwanao, umwambie nilikukosea, nisamehe. Na kama ulimtukana mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu walewale.