Moshi Hauna Kaunti

Wapendwa wa Lumakanda, fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 9. Musa aliyarusha juu majivu ya tanuri mbele ya Farao, yakawa vumbi juu ya nchi yote ya Misri. Konzi chache tu! Basi nani ataniambia kwamba mabua anayochoma akishavuna mahindi ni moto wake peke yake?

Utajitetea: moshi tunaletewa. Kweli, tunaletewa. Waliokaa karibu na kiwanda cha karatasi cha Webuye, kabla hakijazimwa mwaka 2009, wanaikumbuka harufu ile na mabati yaliyoliwa na kutu. Upepo haukuwahi kusimama Bungoma kuomba ruhusa ya kuingia Kakamega. Matrela ya Malaba hutumwagia masizi yakapita zake. Hata Rwanda, juu ya Mlima Mugogo, wapimaji wa hewa walikuta moshi ukizidi nyakati za kiangazi, mwingi wake umetoka kwenye mioto ya mbali.

Lakini hesabu ya moshi wa eneo zima siyo hesabu ya kifua chako! Moshi wa bomba refu husambaa na kupungua njiani. Wa mafiga unatoka kwenye kuni mbichi moja kwa moja hadi puani mwa mama, na mwa mtoto aliye mgongoni. Saa nayo ina neno: mchana jua huunyanyua moshi, usiku ardhi ikipoa, hewa baridi hutulia chini na moshi ukatulia nayo. Alfajiri tunauita wote ukungu, hata ule unaonuka plastiki.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembechembe laini hewani, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Jiko la kuni lisilo na dirisha linakivuka mara nyingi mno.

Acheni kuchoma mabua! Lisheni ng'ombe, yanayobaki yafukieni. Wazee, toboeni dirisha la jikoni wiki hii, msingoje kuombwa. Kisha kaunti ikiwaita kutoa maoni ya bajeti, nendeni, msitume salamu. Waambieni Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi. Kakamega, Bungoma na Uasin Gishu ziketi meza moja, na kipimo cha hewa kiwekwe hapa Lumakanda, karibu na soko. Wakiwajibu kwa takwimu za Nairobi, msiketi.