Mkipinga Benki, Mjue Mnachopinga

Wajukuu zangu, ubishi wenu wa mwaloni unanifikia. Mmoja anataka noti moja kutoka hapa Rumonge hadi Mombasa, mwingine anaapa kwamba siku hiyo Burundi itakuwa imeuzwa. Bishaneni, lakini kwa hoja.

Mkataba upo. Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, ziliutia saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013: sarafu moja na benki kuu moja ndani ya miaka kumi. Miaka hiyo imekwisha. Kila nchi ilitakiwa kwanza iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kuagizia bidhaa miezi minne na nusu. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya mafuta hahitaji kuelezwa sisi tuko wapi.

Wamarekani nao walipitia ubishi huu. Mwaka 1791 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alitaka benki ya taifa yenye mtaji wa dola milioni 10, serikali ikiwa na fungu moja tu kati ya matano. Thomas Jefferson na James Madison walikataa. Hawakuishia kupiga kelele. Walifungua katiba wakauliza ni kifungu gani kinachotoa ruhusa hiyo. Wakulima wa kusini waliona faida itaishia kwa matajiri wa Philadelphia. Rais Washington alisaini, lakini benki ikapewa miaka 20 tu. Muda ulipoisha, mwaka 1811, kura za Seneti zilifungana 17 kwa 17, na Makamu wa Rais George Clinton akaizika kwa kura yake.

Mwaka uliofuata vita na Uingereza vikaanza. Kila benki ndogo ikawa na noti zake, nyingi zikagoma kuzibadilisha kwa fedha na dhahabu, serikali ikahangaika kukopa. Aliyesaini kuundwa kwa benki ya pili mwaka 1816 alikuwa Rais Madison, yuleyule mpinzani! Wapo wanaomwita kigeugeu. Mimi namheshimu: alipinga kwa sababu alizozitaja, na alipobadilika watu walijua kwa nini.

Sisi wenyewe tulishawahi kuchangia benki ya kutoa noti na Rwanda, tangu 1960. Tukaachana 1964, kila mtu na faranga yake.

Anayedhani benki ikiwa ya kwetu itatuonea huruma, akumbuke Juni 2023. Benki kuu yetu ilitoa siku kumi tu za kurudisha noti za zamani za 5,000 na 10,000. Mwenye mauzo ya mawese chini ya kitanda alijua joto lake. Je, agizo kama hilo likitoka mji mkuu wa jirani, muuza ndagala wa Rumonge atamlilia nani? Na nani atatusemea pale riba inapopangwa? Kesho mwaloni anzieni hapo, na mwenye mkataba aje nao.