Je, Aliyejitoa ni Mwoga?

Msomaji aweza kutushangaa kwamba leo twatumia nafasi hii kunena juu ya snuka, mchezo wa fimbo na mipira 22 juu ya meza ya kitambaa cha kijani, ambao wengi wetu hatujaucheza kamwe. Lakini katika mashindano ya ulimwengu ya mchezo huo, yaliyofanyika mwaka 2020 mjini Sheffield, Uingereza, lilizuka swali lililo zito kuliko mchezo wenyewe, na twaona halijajibiwa vema mpaka leo.

Mashindano hayo hufanyika katika ukumbi wa Crucible tangu mwaka 1977. Ni ukumbi mdogo. Watazamaji wake hawafiki elfu moja, nao huketi karibu sana na wachezaji. Mwaka ule yalikuwa yaanze mwezi wa Aprili, lakini ugonjwa wa korona ukayasogeza hata tarehe 31 Julai. Ndipo serikali ikayateua yawe miongoni mwa michezo michache ya kujaribia kama watu waweza kurudi kutazama bila madhara.

Basi alikuwapo mchezaji mmoja, Anthony Hamilton, mtu wa miaka 49, mwenye pumu kali. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu acheze Crucible mara ya mwisho. Mwezi ule wa Julai alishinda katika michezo ya mchujo, iliyochezwa bila watazamaji, akaipata nafasi aliyoikosa muda huo wote. Kwa kuwa sasa watu wangeingizwa ukumbini, akajitoa kabla ya kupiga hata mpira mmoja.

Ni rahisi kusema kwamba hakuna aliyemfukuza, na aogopaye akae kwake. Sisi hatukubali. Hamilton hakukataa kazi. Alikwisha kuifanya, tena kwa ushindi, milango ilipokuwa imefungwa. Alichokataa ni sharti moja lililoongezwa, ambalo mchezo ungeweza kuchezwa bila hilo. Na tukumbuke kwamba mchezaji wa snuka hana mshahara wa mwezi, bali hula zawadi za mashindano. Kwa mwenye mapafu mazima, watazamaji walikuwa ni suala la shangwe au kimya. Kwa mwenye pumu lilikuwa suala la riziki yake au pumzi yake. Wote waliambiwa wachague, lakini hawakuwekewa kitu kimoja mbele yao. Nani kati yetu asiye na ndugu nyumbani ambaye kikohozi cha wengine kwake ni usiku mzima wa kuketi kitandani?

Hata hivyo haki yatudai tuwatazame wenye mashindano kwa jicho jema. Tarehe 1 Juni 2020 walianzisha michezo huko Milton Keynes bila watazamaji, wachezaji 64 wakipimwa ugonjwa na kulala mahali pale pale, wakati michezo mingi Uingereza ilipokuwa ingali imelala. Waliwapatia watu mkate. Tena ni kweli kwamba taifa haliwezi kujifungia milele, na wa kwanza kutoka hana budi awepo. Lakini wa kwanza huyo aombwe, asikutwe tu amesimama mlangoni. Ronnie O'Sullivan, aliyetwaa kombe mwaka ule, hakusita kuwafananisha watazamaji na panya wa maabara. Neno kali, ila watazamaji walau walikuja kwa hiari yao.

Na tusemeje juu ya Kyren Wilson, aliyekuwa acheze na Hamilton? Alivuka raundi ya kwanza bila jasho, akaendelea hata fainali, akashindwa 18 kwa 8. Hatuoni kosa kwake. Hakumwogopesha mwenzake, wala kukataa kuendelea kusingemrudishia Hamilton kitu. Lakini mtu aweza kupokea faida kwa halali, na bado faida hiyo iwe imetoka katika hasara isiyo ya haki. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, nasi hatupendi haraka ya wale wanaotaka kuliondoa moja.

Siku ileile ya kwanza serikali ilisimamisha majaribio, kwa kuwa maambukizi yalikuwa yakiongezeka. Kesho yake viti vikawa vitupu, na hata fainali ndipo wachache wakaruhusiwa tena. Wako watakaosema kwamba hapo Hamilton alithibitishwa. Sisi twasema alikuwa na haki hata kama asingeugua mtu mmoja, maana aliamua kwa yale aliyoyajua juu ya kifua chake mwenyewe.

Tarehe 3 Mei 2021 Mark Selby alimshinda Shaun Murphy 18 kwa 15 katika ukumbi uleule, viti vyote vikiwa vimejaa watu. Katika wachezaji 32 wa mwaka huo Hamilton hakuwamo.